Mikono ya Bi Mgeni

Kazi ya kuchua matumbo Bi Mgeni wa Magomeni aliirithi kwa mama yake, pamoja na mkeka na chupa ya mafuta ya nyonyo. Kwa miaka ishirini na sita akina mama walimletea uani watoto wenye chango, na wengi waliondoka wamenyamaza. Hakuwa na kibao mlangoni. Jina lilitosha.

Jumanne moja ya mwezi wa tano mumewe Abbasi, muuza vitasa na bawaba mtaa wa Msimbazi, alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Alikuwa amejikunja, ameshika tumbo chini upande wa kulia.

"Ngiri hiyo," Mgeni akasema. "Lala."

Akampaka mafuta, akamchua. Jioni akamchua tena. Jumatano asubuhi akamkanda kwa maji moto, kisha akarudia kumchua.

"Bibie," Abbasi akasema huku ameuma meno, "na watu hukulipa kwa mateso haya?"

Saa nne maumivu yakakatika ghafla. Mgeni akamshukuru Mungu kwamba mikono ya mama yake bado ina baraka. Saa nane akamkuta anatetemeka, tumbo gumu kama ubao.

Hospitalini daktari, dada mmoja aitwaye Winifrida, aliligusa tumbo akakunja uso. "Kidole tumbo kimeshapasuka. Kuna mtu alikuwa analichua hili tumbo?"

Mgeni akafungua mdomo. Abbasi akamwahi. "Nilijichua mwenyewe, daktari. Ujinga wangu."

Mgeni akaufunga mdomo.

Wakampasua, wakatoa usaha, wakamwachia mpira wa kutolea uchafu ubavuni. Hakuruhusiwa kula wala kunywa mpaka matumbo yaamke, na kila asubuhi nesi alimuuliza, "Mzee, umeshatoa upepo?"

"Mbele ya mke wangu? Miaka thelathini nimejiheshimu!"

Siku ya nne upepo ukatoka, wodi nzima ikapiga makofi. Mgeni alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Kidonda kikaoza, wakampasua mara ya pili. Alirudi nyumbani siku ya ishirini na tatu, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Daktari alimkataza kubeba vizito, na maboksi ya vitasa ni mazito, kwa hiyo meza yake Msimbazi ikachukuliwa na mtu mwingine. Mgeni alimpikia uji, akamwogesha mgongo na miguu. Kwenye tumbo alimpa kitambaa ajisugue mwenyewe, hata baada ya kidonda kufunga.

Wageni waliokuja kumpa pole, Abbasi aliwaambia yale yale: alijichua mwenyewe.

"Una fundi ndani ya nyumba, ukajichua mwenyewe?" walimcheka. "Wanaume nyie!"

Mgeni aliwamiminia chai.

Mwezi wa nane Swaumu, jirani wa nyumba ya tatu, aliingia uani amembeba bintiye wa miaka saba, mtoto analia.

"Shikamoo, Bi Mgeni. Chango hilo, limemkamata tangu jana. Mchue."

"Marahaba. Mpeleke hospitali, mwanangu. Sasa hivi."

"Khaa! Siku hizi unaringa?"

Abbasi akaingilia kutoka kitini. "Bibie amechoka tu, Swaumu…"

"Sijachoka," Mgeni akasema. "Huyu hakujichua. Nilimchua mimi, siku mbili, kidole tumbo kikapasukia mikononi mwangu. Mpeleke mtoto hospitali."

Swaumu akamtazama Abbasi. Abbasi akainamisha macho. Swaumu akamweka mtoto vizuri begani, akatoka bila kuaga.

Mtoto alikutwa na minyoo tu. Akapewa vidonge, kesho yake akawa anaruka kamba mlangoni. Lakini maneno yalikuwa yameshafika Ilala. Wiki ile hakuja mtu uani, wala iliyofuata.

"Ulisema kwa nini?" Abbasi alimuuliza alasiri moja. "Nilikuwa nimeshaubeba mimi mzigo ule."

"Daktari si alikukataza kubeba vizito?"

Abbasi akacheka, na kwa kuwa kucheka bado kulimuuma, akajishika kovu. Mgeni akanyoosha mkono kumsaidia kulishika. Mkono ukafika katikati. Akaurudisha, akaufuta kwenye kanga, ingawa haukuwa na kitu.