Mkalimani Aliyenisitiri

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na mpaka leo nikikikumbuka kile chumba cha Houston damu inanichemka.

Mjomba wangu wa Garland, mji ulio jimbo moja na Houston, aliyenipokea nilipotoroka Mombasa, ndiye aliyejaza fomu ya kuomba hifadhi. Penye jinsia akatia alama ya mwanamke, kama pasipoti ilivyosema. Hakuniuliza. Na nilichokuwa nikikimbia ni hicho hicho: tangu utotoni najijua mwanamume, na baba alipochoka kunipiga alinifungia chumbani, kisha akanitafutia mume wa kuninyoosha.

Kila mwombaji alitakiwa aje na mkalimani wake. Mjomba akamleta mama mmoja wa msikitini Richardson, mji wa jirani, muuguzi, mtu wa heshima zake, penye msiba hakosi na sufuria la biriani. Nilimweleza kila kitu njiani, mwendo wa saa nne, mimi nimekaa kiti cha nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," akasema. "Nita-explain vizuri."

Kule Houston afisa wa hifadhi aliuliza nikirudi kwetu naogopa nini. Nikajibu kwa Kiswahili, polepole, mpaka jasho likanitoka. Yule mama akafungua mdomo, na Kiingereza changu cha shule kilitosha kabisa kumfuata. Alisema msichana huyu anakimbia kuozwa. Basi. Vipigo, kufungiwa, mimi ni nani, vyote akavimeza.

"Hajasema yote," nikamwambia afisa kwa Kiingereza.

Akainua kalamu kunizuia. Nipitie kwa mkalimani, alisema, utaratibu ndio huo. Nikamtazama mjomba pembeni yangu. Akatazama viatu vyake. Kwetu mtoto hamkatizi mtu mzima mbele za watu, na mimi, mpumbavu, nikanyamaza. Naichukia ile adabu mpaka kesho. Kisha afisa akauliza kama huyo mwanamume bado anangoja kunioa. Nikasema ukweli: ameshaoa mwingine.

Wiki chache baadaye barua ikaja. Hatari niliyoieleza imekwisha, ilisema, na faili langu linapelekwa kwa jaji, ambaye angeweza kunirudisha. Hatari niliyoieleza! Mimi nilieleza nini? Watu wazima watatu walikaa chumba kimoja kuamua maisha yangu, na hakuna hata mmoja aliyetaka kunisikia mimi.

Jumamosi ile yule mama alikuja nyumbani kutupa pole.

"Nilikusitiri, mwanangu," akasema. "Mambo kama yale hayasemwi mbele ya wazungu."

"Hukunisitiri mimi, mama. Umejisitiri wewe, na mimi umenirudisha mikononi mwa baba."

Sikuwa nimewahi kumjibu mkubwa namna ile. Alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga, nami nikabaki nangoja mjomba anikaripie. Hakukaripia. Alikaa kitako, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Kwa jaji wana mkalimani wao, mtu asiyetujua," akasema. "Useme yote. Mimi nitakaa nje, usije ukanionea haya."

Haya sikuwa nayo tena. Nikamwambia aingie, asikie.