Boneti Yenye Kufuli: Fundi Namuria na Hewa ya Moto Kakuma

Ibada ya Jumapili imekwisha, na uwanja mtambarare ulio nje kidogo ya Kakuma umejaa magari ya mashindano, vumbi na maneno. Namuria ameegemea pikapu nyeupe kama askari wa lindo. Boneti imefungwa kwa mnyororo na kufuli, juu yake pametandazwa turubai zito, na ufunguo unaning'inia shingoni mwake.

Mwandishi wa makala haya anamsalimia kwa Kiturkana, "Ejok." Anaitikia huku akimkagua kuanzia viatu. Anaomba kitambulisho, anakigeuza mbele na nyuma, anakirudisha, na bado haamini. Wala si yeye peke yake. Katika mbio hizi hata mama muuza chai anatazamwa kwa jicho la pembe.

Namuria, mwanamke wa miaka thelathini na minne, ana gereji mjini Lodwar. Ndiye aliyeifungia pikapu hii supachaja, pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kusukuma hewa nyingi ndani, petroli iungue kwa nguvu. Shida ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Nguvu hupungua hata dereva akanyage mafuta mpaka mwisho.

Magari hushindana mawili mawili, na mshindi ni anayechukua raundi mbili kati ya tatu. Msimu mzima pikapu ya Lodwar imekuwa ikishinda ya kwanza, kisha inapoteza mbili zinazofuata. Mwenye gari, Lochakapong, mfanyabiashara wa mifugo anayezunguka Lokichar na Lodwar, ameshaamua moyoni kwamba anauzwa na fundi wake.

Ana sababu yake. Namuria alijifunza ufundi hapa hapa Kakuma, katika gereji ya Atem, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Na Atem ndiye fundi wa gari pinzani. Lochakapong amemuuliza Namuria mbele ya umati kama kweli mtu anaweza kumshinda aliyempa kazi mkononi. Pikapu ikishindwa leo, amesema, wasijuane tena.

"Fundi akiitwa msaliti Lodwar amekwisha," Namuria anasema. "Hata wilbaro hawatamletea atengeneze."

Naye ana wake anaowashuku. Anaamini watu wa Kakuma wanagusa injini yake kati ya raundi moja na nyingine, ndiyo maana ya kufuli na turubai. Ng'ambo ya uwanja, gari la Atem limeachwa boneti wazi. Atem amelaza gunia juu ya bomba la hewa na analimwagia maji, vile watu wa huku wanavyovisha jerikeni gunia bichi ili maji ya kunywa yapoe. Watu wa Lodwar wanaapa kwamba ile ni dawa. Namuria hajawahi kusogea kuangalia, kwa kuogopa watadhani anaenda kupokea hongo.

Raundi ya kwanza pikapu inalishinda gari la Atem. Inarudi injini ikitokota, na papo hapo inapigwa kufuli na kufunikwa, huku magari mengine yakichukua zamu.

Zamu yake inapofika tena, mita ya joto la hewa inaonyesha digrii sitini na nane kabla gari halijaondoka. Namuria anapiga kioo cha mita kwa ukucha, anasema mita imechezewa. Pikapu inakimbia kama punda mgonjwa na kuachwa mbali.

Safari hii hatandazi turubai kwanza. Anafungua kufuli asake dalili za aliyeigusa injini. Nati zote ziko alivyoziacha, na alama za rangi alizozichora juu yake hazijavunjika. Anagusa bomba la hewa na kuurudisha mkono haraka, vidole vimeungua. Anabaki ameinama pale, na uso wake unasema aibu waziwazi.

"Hakuna mtu ameingia hapa," anasema. "Ni mimi. Nimeifungia moto ndani nikauchunga."

Anataka boneti ibaki wazi. Lochakapong anamsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba akiiacha wazi mbele ya watu hawa, ndio mwisho wao. Namuria anaiacha wazi. Kisha anafanya kibaya zaidi machoni pa watu wa Lodwar: anavuka uwanja kwenda kumwomba Atem maji.

Atem naye anamtilia shaka, anamuuliza ni ujanja gani huu. Halafu anainua jerikeni, anapiga mafunda mawili kila mtu akiona, na kumkabidhi.

"Ni maji tu, dada," anasema. "Ya kunywa."

Gunia bichi linalazwa juu ya bomba. Mita inateremka hadi arobaini na tatu, na kwa jua la Kakuma huwezi kudai zaidi. Raundi ya tatu pikapu inashinda kwa urefu wa gari zima. Watu wa Lodwar wanaruka na kuimba.

Lochakapong haruki. Anasema kama gari lilikuwa na uwezo huu, basi siku zote zile alikuwa anauzwa. Tena, adui amsaidie adui bure? Ananyoosha mkono, anadai ufunguo ulio shingoni mwa Namuria, wasijuane tena.

Mwandishi huyu, ambaye pia si mwepesi wa kuamini, alimfuata Atem na kumuuliza kama aliachia ushindi makusudi. Atem alichukia. "Nilimpa maji," alisema. "Ushindi sikumpa. Nilijua nitamshinda hata injini yake ikipoa."

Sasa Namuria yuko Lodwar, anatengeneza pikipiki na pampu za maji kwa wachache ambao bado wanamjia. Jioni anaunda injini ya gari lake mwenyewe, kuukuu, lisilo na milango, na Atem anamtumia vipuri. Mpango wake ni kusimama mstarini msimu ujao, ubavuni mwa pikapu ile nyeupe aliyoijenga.

"Nataka kumshinda Lochakapong kwa haki," anasema. "Nimempigia simu fundi wake mpya, nikamwambia aache boneti wazi kati ya raundi. Ameenda kununua kufuli la pili."