Safu ya Saba, Kaburi la Nne

Hester Pumfrey alikuwa mwanamke wa kuudhi, na ninasema hivyo kwa kuwa nilimpenda. Miaka thelathini tuliishi ukuta kwa ukuta, na sikumbuki siku niliyotoka dukani bila kusimamishwa getini kwake. "Ebu Maud, yule shangazi yenu aliyeolewa na mpiga chokaa, alikuwa mtoto wa ngapi vile?" Mimi nina mikate mikononi, mvua inaninyeshea, na hapo natakiwa nimkumbuke shangazi aliyekufa kabla sijazaliwa.

Hakuolewa, hakuzaa. Alipeleka barua kwa baiskeli mpaka alipostaafu, na familia zote za kijiji chetu cha Nether Wickstow zilikuwa zake. Tangu akiwa na miaka ishirini na mbili aliandika nani kamzaa nani, nani kanuniana na nani kwa ajili ya ua wa shamba, na nani kazikwa wapi. Hilo la mwisho ndilo lililomtoa jasho, maana zamani jiwe la kaburi lilikuwa la wenye nacho. Sisi wengine tulirithishwa hesabu. Bibi yangu alinikaririsha nikiwa bado nanyonya kidole: babu yako, safu ya kumi na moja kutoka langoni, kaburi la pili.

Sasa, mwaka 1921 eneo la makaburi lilipanuliwa kuelekea barabarani. Lango likasogezwa nje, safu mbili mpya zikaingia mbele. Kwa hiyo ukipewa hesabu ya zamani, unaongeza mbili. Sisi wa hapa tunaongeza bila hata kufikiri, na ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kumwambia Wilf Rudkin.

Wilf alizaliwa kwetu, lakini aliondolewa akiwa na miaka mitatu, mama yake alipokufa kwa homa ya matumbo mwaka 1908. Akina Rudkin walikuwa wakinywa maji ya kijito, kwa sababu jirani yao Keziah Bagot aliwafungia kisima kwa kufuli baada ya ugomvi wa kuku. Kuku, jamani! Shangazi yake akamlea mjini, na kitu pekee cha mama yake alichompa kilikuwa hesabu: safu ya saba, kaburi la nne. Mwaka 1946 akarudi, mtu mzima asiye na mke, akamwomba Hester amwonyeshe. Hester ndio kwanza alikuwa ameanza daftari lake. Kwa pupa ya kazi mpya akahesabu kutoka langoni, saba, nne, akasema, "Hapa."

Miaka arobaini Wilf alipeleka maua pale kila Jumapili baada ya ibada. Alikaa na kuzungumza na mama yake, wala hakujali nani anamsikia. Alipofikisha themanini akamwomba kasisi amwekee nafasi ya ubavuni, pale palipokuwa wazi, ili naye alazwe hapo.

Kisha kitabu cha Hester cha familia za kijiji kikakaribia kuchapishwa, na kasisi akamtolea daftari la mchimba makaburi wa zamani lililokuwa chini ya sanduku la kanisani. Asubuhi hiyo Hester alikuja kwangu bila kubisha hodi, uso umempauka.

"Maud, mama yake Wilf yuko safu ya tisa. Sikuongeza mbili."

"Na pale anapoweka maua?"

"Keziah Bagot. Alizikwa 1915."

Niliketi. Nikamwambia mzee ana miaka themanini na moja, amwache afe na amani yake. Akanikodolea macho. "Nimesumbua watu maisha yangu yote niujue ukweli, halafu nimfiche yeye? Twende wote. Nikizimia utanibeba."

"Nikubebe kwa mgongo gani?" nikamjibu, lakini nilivaa koti.

Wilf alitukaribisha chai. Hester hakuigusa. Alieleza yote akiwa amesimama, na hakujitetea hata kwa neno moja.

"Miaka arobaini," Wilf akasema.

"Arobaini, mzee wangu."

"Na huyo aliyekula maua ya mama yangu ni nani?"

Hester akamjibu, "Keziah Bagot."

"Yule wa kisima?"

"Yule wa kisima."

Akaonyesha mlango kwa fimbo yake. Tukatoka. Wiki nzima Hester hakuandika kitu, wala hakunisimamisha getini, na mimi niliyekuwa nikilalamika kila siku niliumia kuliko nilivyodhani.

Jumapili Wilf hakuingia kanisani. Tulimkuta nje, kofia mkononi. "Nionyeshe," akamwambia Hester.

Safu ya tisa, kaburi la nne, palikuwa nyasi na upupu. Kushoto amelala mmoja wa akina Tansley, kulia mwingine, hakuna hata nafasi ya paka. Wilf aliinama kadiri magoti yalivyomruhusu. "Mama, ni mimi Wilf. Nimechelewa, walinielekeza kwingine." Akaweka maua yote aliyokuwa nayo. Kisha akageuka, akajikokota mpaka safu ya saba, sisi nyuma yake.

"Huyu nimemweleza kila kitu," akasema. "Mguu wangu. Yule mwanamke wa Harcombe aliyenikataa. Mbwa wangu alipokufa nililia hapa hapa. Miaka arobaini amenisikiliza, na kwao hakuna aliyewahi kumletea hata jani."

"Kasisi atakutafutia mahali pengine, Wilf," Hester akasema. "Leo hii nitamwambia. Kosa ni langu."

"Pengine wapi? Kwa mama hakuna nafasi. Nikalazwe na watu nisiowajua, umri huu?" Akaigonga ile nafasi yake tupu kwa fimbo. "Hapa hapa. Kisima alifunga, Mungu amsamehe, mimi najaribu."

Hester alianza kulia, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia, na mimi nikamfuata. Wilf alituangalia kama watu wawili waliopoteza akili. Kisha akamshika Hester mkono.

"Ila kwenye kitabu chako, binti, uandike vizuri kwamba nimelala kwa Keziah kwa kupenda mwenyewe. Wasije wakanionea huruma, wakanihamisha safu mbili."