Mume wa Mwanafunzi wa Kidato cha Pili

Chuoni walimwita Bi Mkubwa, maana alikuwa na umri wa kuizaa nusu ya darasa na wa kuisuta nusu iliyobaki. Alifundisha hesabu hadi mvi zikamkuta ubaoni, ndipo akarudi kusomea shahada ya uzamili ya ushauri nasaha shuleni. Watu aliwaambia anataka kuwasaidia watoto. Ukweli ni kwamba mumewe alikuwa amefariki, binti yake ameolewa mbali, na simu zake zilikuwa fupi kama za mtu aliyeacha chungu motoni, na chuo kilikuwa mahali pekee alipopajua ambapo watu hufundishwa kusikiliza.

Kumbe kusikiliza nako kuna mtaala. Unainama mbele kidogo, unatikisa kichwa, unarudia alichosema mwenzako kwa maneno yako. Lolote utakalosikia, hata mtu akikwambia amemla jirani, uso usishtuke wala usihukumu.

Mazoezi yalikuwa ya watu watatu: mshauri, mwanafunzi mwenye shida, na mtazamaji wa kuandika makosa. Siku hiyo mshauri alikuwa Kipenga, aliyewahi kufundisha michezo, pande la mtu lililokalia kiti cha plastiki kwa kukionea huruma. Mtazamaji alikuwa msichana wa miwani ambaye macho yake hayakubanduka kwenye karatasi. Bi Mkubwa akapewa kuwa binti wa kidato cha pili.

Alianza vizuri, akalalamika kwa sauti ya kitoto kwamba wenzake wanamtenga. Kipenga akainama, akauliza nyumbani huwa anakula na nani.

Swali likamkuta hana ngao. Tangu mazishi hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Nakula nimesimama," akasema, na sauti ya kitoto ikamtoroka. "Nikikaa mezani nakiona kiti chake. Tangu mume wangu afe sijapika kwenye sufuria kubwa."

Basi, mwanafunzi wa kidato cha pili akawa mjane. Bi Mkubwa akamkazia macho Kipenga, akitamani aache mchezo, amuulize yeye mwenyewe, mtu mzima, kulikoni. Lakini Kipenga alikuwa amefuzu. Hakushtuka, hakuhukumu. Akatikisa kichwa.

"Nasikia ukisema kwamba tangu mumeo afariki, mezani uko peke yako."

"Ndiyo."

"Na hilo linaathiri vipi masomo yako?"

Msichana wa miwani akaandika kwamba mshauri hakuhukumu. Mhadhiri wao, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akafurahi kupita kiasi. Akamsifu Kipenga kwa utulivu, akamsifu Bi Mkubwa kwa kuigiza, hasa alivyoingiza suala la ndoa za utotoni bila kulitaja. Akaagiza warudie igizo hilo vilevile kwenye mtihani.

Darasa lilipotawanyika, Kipenga alimfuata Bi Mkubwa ukumbini. Alisimama kidogo, akajikuna shingo kama mtu asiyejua pa kuiweka mikono.

"Dada, lakini uko salama? Yale ya kula umesimama..."

Hakuwa ameinama. Hakutikisa kichwa.

"Nilikuwa naigiza tu, kaka," Bi Mkubwa akajibu upesi, akicheka.

"Aa, uliniweza kweli." Kipenga akapumua, akaenda zake.

Bi Mkubwa akashuka ngazi akijilaani kimoyomoyo, kama mtu aliyekataa lifti kwa adabu, gari likaondoka, ndipo akaanza kutembea.