Kovu la Kidevuni

Mtaa mzima ulimwita Mama Chaki, na wengi hawakujua kwamba umama ule ulikuwa wa kweli. Walidhani ni heshima tu kwa fundi cherehani mwenye mvi za mapema na vidole vyeupe vya chaki. Lakini mtoto alikuwapo. Homa ilimchukua akiwa bado anang'oka meno ya utoto, katika chumba hikihiki chenye cherehani, wakati baba yake ameshahamia kwa mwanamke mwingine na pole yake kuituma kupitia simu ya mtu. Msichana hakuacha hata picha moja. Siku zile kupiga picha lilikuwa jambo la kupangwa, na kila walipopanga, liliingia jingine.

Kwa hiyo mama yake alimchora. Shule hakuipitia hata mlangoni na kusoma hajui, lakini mkono uliozoea kukata shingo ya gauni kwa jicho tu haukuhangaika na mstari. Alichora kwa kalamu ya wino kwenye karatasi za kaki za kukatia violezo vya nguo, bila kuanza na penseli, bila kufuta. Alichora soko, mvua, foleni ya maji, na katikati ya watu hakukosa msichana mmoja aliyegeuka kutazama nyuma, mwenye kovu dogo kidevuni alipojigonga kwenye ncha ya pasi. Kila mwaka alimkuza. Alimwongeza kimo, akambadilishia gauni, akampa kifua, akampunguzia utundu machoni. Pale palipobaki wazi aliweka alama yake, uzi uliofungwa fundo, maana jina lake hajui kuliandika. Karatasi haitupwi na fundi, basi baada ya siku chache picha ilikatwa ikawa kola, au mkono wa blauzi. Hilo halikumsumbua. Atachora nyingine.

Aliyesumbuka ni msusi, waliyegawana naye kibaraza, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni.

"Dada, unamkata mwanao shingo ili mimi nivae kola?" alimuuliza siku moja, nusu utani.

Tangu hapo akawa anazipiga picha zile karatasi kabla ya mkasi. Alizipiga kama alivyozoea kujipiga mwenyewe na vichwa alivyosuka: karatasi chini ya kidevu, simu mbele ya uso, kisha anakata sura yake na kubakiza mchoro. Simu ile ikipiga kwa upande wa mbele iligeuza kila kitu kama kioo kinavyogeuza. Siku nyingine alipiga kwa upande wa nyuma. Hakuna aliyejali. Mchoro ni mchoro.

Alizipeleka kwenye kundi la wachoraji mtandaoni, lililoitwa Mikono. Humo walikuwamo muuguzi aliyechora wagonjwa waliolala, polisi mstaafu aliyechora ndege tu, na waandishi wa mabango waliokosa kazi. Walipojua Mama Chaki hasomi, wakaacha kumwandikia, wakawa wanamtumia sauti. Naye, ambaye ndugu zake walikwisha kumwambia aache kumtaja marehemu, aliwaambia wale watu asiowaona yule msichana ni nani. Hawakumwonea huruma ya kinafiki. Walisema amekua. Muuguzi alikuwa akiuliza kila mwaka kama bado hajaolewa, na Mama Chaki, ambaye kucheka kulikuwa kumempita mbali, alicheka na kujibu kwamba hajatokea wa kumfaa.

Hivyo ndivyo mtoto alivyoishi. Mpaka siku mteja alipoleta sketi ya kupunguzwa kiuno, ameitia kwenye mfuko wa plastiki wenye tangazo la sabuni ya unga.

Kwenye mfuko alisimama msichana. Amegeuka kutazama nyuma, ndoo mkononi, kovu kidevuni. Kando ya mguu wake palikuwa na kitu kama mdudu aliyekanyagwa. Mama Chaki aliukunjua mfuko juu ya meza ya kukatia, akaunyoosha kwa kiganja kama anayenyoosha kitambaa, akakitazama kile kitu mpaka kikaeleweka. Kilikuwa fundo lake. Mtu, au kitu kisichojua fundo ni nini, kilijaribu kuliiga.

Mteja aliuliza kama sketi itakuwa tayari kesho. Mama Chaki alimwomba amwachie na mfuko.

Msusi aliupiga picha ule mfuko, akautupia kundini, na kundi likawaka. Kumbe Mama Chaki hakuwa wa kwanza. Polisi mstaafu alisema siku hizi akionyesha ndege wake anadaiwa ushahidi kwamba amemchora mwenyewe, yeye aliyelala kwenye nyasi zenye umande kumngoja. Muuguzi alisema akili bandia zinatapika picha mia kabla yeye hajamaliza jicho moja, na jicho hilo likizama chini ya hizo mia hakuna anayelitafuta. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mia zenyewe zimekamuliwa kutoka kwenye jicho lake. Lakini hapakosi mjuaji. Mmoja aliandika kwamba wanaolia ni wavivu wa kujifunza. Mbona hata huyo Mama Chaki anatumia cherehani, au cherehani si mashine?

Msusi alimsomea kwa sauti ndogo, akitarajia matusi. Mama Chaki aliomba abonyezewe pa kusemea.

"Cherehani yangu inashona kitambaa alicholeta mwenye nacho," alisema. "Haijawahi kuingia kwa mfiwa ikatoka na sanda."

Kisha ikaja sauti kutoka kwa mtu mmoja tu, anayeitwa Fundi Mabango, mwanakundi wa zamani, naye akimwomba aende kwake. Hakuwa mbali. Alikaa nyuma ya barabara ya magereji, mwendo wa kutembea.

Karakana yake ilinuka rangi ya zamani. Makopo yalikuwa yameganda utando juu, brashi zimekauka zimesimama kama mifagio, na pale palipolazwa mbao za kuandikia majina ya maduka palikaa kompyuta. Fundi Mabango hakuwa na uso wa mwizi. Angekuwa nao, kazi ingekuwa nyepesi. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye shati lililofumuka kwapa, na jicho la fundi cherehani lililiona hilo kabla ya yote. Alimpa stuli, akamweleza bila kuzungushazunguka. Wateja walikwisha kumkimbia. Alizihifadhi picha zote za Mama Chaki alizoziona kundini, akailisha mashine mpaka ikaushika mkono wake. Kampuni ya sabuni ilitaka kitu chenye roho.

"Ulijua yule ni nani?" aliuliza Mama Chaki.

"Nilijua, dada. Ulitusimulia mwenyewe."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza, ungekataa."

Mama Chaki alimwambia kwamba hapo angalau amesema kweli. Fundi Mabango akajitetea, akiinama. Mashine haikuiba, alisema, imetazama tu ikajifunza, kama kila mchoraji alivyojifunza kwa kutazama.

"Mimi sikujifunza kwa kumtazama," alisema mama. "Nilimzaa, nikamwosha, nikamzika."

Mwanamume aliisogelea kompyuta. Kisha akafanya lile aliloliona kuwa ni wema. Alisema amegundua kwamba katika picha zote zile msichana hajawahi kucheka hata mara moja, na yeye anaweza kumchekesha, sasa hivi, bure. Ni kweli hakucheka. Mama yake alijaribu miaka yote, na kila alipojaribu, mdomo ulitoka kama unalia. Alitaka kusema usithubutu. Lakini aujuaye uchungu wa mwana ni mzazi, na uchungu ule ndio uliomkalisha tena kwenye stuli alipokwisha kusimama. Vidole vya Fundi Mabango viligonga herufi. Wakatokea wasichana wanne kwa mpigo, wote wanacheka, wana meno mazuri yaliyopangika, kovu kwa huyu liko hapa, kwa yule liko pale. Mama Chaki aliwatazama. Aliwatazama mno.

Kabla ya kutoka alimwomba aizime mashine na asimtengeneze tena mwanawe, na yule akakubali mara moja, akafuta mbele ya macho yake. Ila alimwambia pia, maana uongo alikwisha kuuchoka, kwamba kampuni ya sabuni tayari inaye msichana wake, na wengine wameshamchukua kwenye mifuko. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku zilizofuata alishona. Sketi ilipungua kiuno, zipu zilibadilishwa. Alipotandika karatasi ya kaki akashika kalamu, msichana alikuja upesi, upesi kuliko kawaida, na alikuja anacheka. Meno yalikuwa ya karakana. Akachukua karatasi nyingine, akaifumba ile midomo kwa nguvu, akafika kidevuni, na mkono ukasimama hewani. Kulia au kushoto?

Alimwita msusi alete simu. Wakazipitia picha za kundini, ya zamani hadi mpya. Katika nyingine kovu lilikuwa kulia. Katika nyingine, kushoto. Msusi alitazama, akatazama tena, kisha akaelewa kabla ya mwenzake, na yule asiyeweza kukaa na neno mdomoni safari hii alikaa nalo muda mrefu. Akaeleza habari ya simu na kioo. Akaapa kwamba hakujua. Zipi alizipiga kwa mbele na zipi kwa nyuma, nani angekumbuka? Na karatasi zenyewe zilikwisha kuvaliwa na kuchanika kwenye migongo ya watu.

Mama Chaki akasimama katikati ya chumba, akainua mkono wa kushoto kama anayeshika kisogo cha mtoto, na wa kulia kama wenye kitambaa cha maji. Aliosha uso ambao haupo. Alipofika chini ya mdomo, kiganja hakikujua kiende wapi.

Alimpigia dada yake. Huyo ndiye aliyembeba mtoto kumpeleka kufungwa kidonda siku ile ya pasi. Baada ya salamu alimuuliza tu, bila kueleza.

"Si kulia?" alisema dada. Kisha, kwa furaha ya mtu aliyejipatia uhakika, "Ndiyo, kulia. Kama yule wa kwenye mfuko. Mdogo wangu, nilipomwona niliwaambia watu, huyu si mtoto wetu huyu?"

Mama Chaki alimshukuru, akakata simu. Mwenye kovu usidhani kapoa, husema watu. Hawasemi lolote juu ya kovu lililopotea.

Bado anachora. Msusi alimkuta asubuhi moja ameinama mezani, akachungulia. Lilikuwa soko, watu wengi, na katikati mwanamke kijana amebeba ndoo, mgongo umewaelekea wao, anaondoka.

"Amegeuka lini?" aliuliza msusi.

"Hajageuka. Nimemgeuza mimi."

Msusi alipopeleka mkono mfukoni kuchukua simu, kwa mazoea tu, mwenzake alikwisha kuweka kiolezo cha kola juu ya karatasi na kuushika mkasi.