Gari la Baba Lilipowashwa

Landrova ya baba imekaa chini ya paa la mabati nyuma ya nyumba yetu, kijijini Murangi, tangu baba alipofariki. Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Kaka yangu, ambaye huja nyumbani Krismasi hadi Krismasi, alishaamua iuzwe kama chuma chakavu. Mimi nilitaka kuifufua. Kusema kweli nilitaka tu kukaa alipokaa baba, nishike usukani wake, niendeshe mpaka Mwisenge, mjini ninakoishi. Sikuwa na sababu nyingine, na hiyo ilinitosha.

Nikamleta fundi mzee kutoka Bunda, mtu wa swala tano na maneno machache, aliangalie gari ndipo niamue. Alilala chini ya gari muda mrefu, akagongagonga chesisi, akasafisha kabureta, akafunga betri aliyokuja nayo. Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Mwalimu, injini iko nzima," aliniambia. "Shida ni bodi. Sakafu ya nyuma imeliwa na kutu. Hiyo tutakata yote."

Akapanda, akawasha. Injini ilikohoa, ikagoma, kisha ikashika. Mngurumo ule ule. Nilicheka kwa sauti huku machozi yananitoka, mtu mzima mimi, mbele ya kuku.

Hatujazima bado, nikawaona wanawake. Walikuja kwa njia ya shambani, kanga zimefungwa viunoni, mmoja na ndoo ya maji kichwani, mwingine na mzigo wa kuni. Wa mbele, jirani yetu wa miaka yote, alikuwa ameshaanza kulia. Alipofika alinishika mabega.

"Ni mama? Mwanangu, ni mama yako?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Enzi za baba, kila asubuhi gari lile lilibeba samaki, lakini kijiji hakikulikumbuka kwa samaki. Mtu wa huku akifia hospitali mjini, lazima arudi azikwe nyumbani kwake, na kwa miaka mingi aliyemrudisha alikuwa baba. Hakumkataa mtu. Injini yake ikisikika saa isiyo ya samaki, wanawake waliweka jembe chini, wakachota maji, wakabeba kuni, wakaja. Marehemu ni nani wangejua wakifika. Mimi nilikuwa nasoma shule ya bweni, nikalijua kama gari la baba tu. Wao walilijua kama gari la maiti.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. Walipoona yuko hai walikaa chini pale pale, wengine wakicheka, wengine wakiendelea kulia, maana kilio kikishaanza hakifungwi kama bomba. Yule jirani alikwenda nyuma ya gari, akaweka kiganja juu ya ile sakafu yenye kutu. Mwili wa mwanawe ulilazwa hapo siku ulipoletwa kutoka hospitali. Fundi akazima injini.

Nilijisikia vibaya sana. "Tuachane nalo, mama," nikasema. "Kaka aliuze tu."

Mama alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyemwaga unga.

"Aliuze, halafu mimi mtanileta na nini? Baba yako alikuwaga anawaleta wote. Mimi ndiyo nije na gari ya kukodi, nipite kimya, watu wasijue kama ni mimi nakuja?"

Fundi aliinamia vifaa vyake, akasema polepole kwamba sakafu hataikata, ataipigia bati jipya juu yake.

Mama akarudi jikoni kuwapikia wageni uji, kana kwamba jambo limekwisha. Kwangu halikuwa limekwisha. Nilikuwa nimetaka gari la kumkumbukia baba. Sasa kila nati itakayokazwa itakuwa inaandaa safari ya mama, na dereva ni mimi. Niliogopa, sifichi.

Nilimwambia fundi aanze kesho yake. Kisha nikamsindikiza mpaka barabarani, mahali mama asiponisikia, nikamwomba asiharakishe.