Sauti Saba na Vita vya Angani

Mtaani walimwita Sauti Saba, kwa sababu alitafsiri filamu za kigeni peke yake na kuigiza sauti za watu wote, kuanzia jemadari hadi mtoto mchanga. Chumba chake cha kazi kilikuwa kidogo, kuta zimezibwa kwa magodoro makuukuu ili kelele za nje zisiingie. Akitoka humo, hakuwa na wa kuongea naye. Binti yake alihama nyumbani baada ya ugomvi, na simu za baba hapokei. Ila shangazi wa binti alikuwa amemnong'oneza mzee kwamba filamu zake zote binti anazitazama.

Safari hii ilikuwa filamu ya viumbe wa angani: miale ya moto, maghorofa yakiporomoka, maneno ya kuokoteza. Katikati, shujaa anasimama kuutazama mji ukiungua. Hasemi kitu. Sauti Saba akamsemea: "Mwanangu, popote ulipo, rudi nyumbani. Mlango sijaufunga."

Mwenye duka la filamu alipoisikiliza akaangua kicheko. "Mzee, huyu jamaa mtoto kampata lini? Watu wanataka mabomu, wewe unawaletea kilio!"

"Iache, bosi. Nakuomba."

"Haya, baki nayo. Mabomu yenyewe yataimeza, nani ataisikia?"

Bosi alipoondoka, Sauti Saba alirudi kwenye mashine ya kurekodia, akashusha mlio wa mabomu kwenye sehemu hiyo tu. Mji mzima ukaanguka kimyakimya, huku mwanamume akimwita mwanawe kwa sauti isiyoigiza mtu yeyote.